Picha Hamsini na Nane

Programu iligoma saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi. Siku mbili baadaye mke wa fundi viatu akakata roho. Katikati ya mambo hayo mawili palikuwa na karatasi moja yenye sahihi, na sasa karatasi hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa mpelelezi kutoka Baraza la Tiba, imekunjwa mara nne kama barua ya mapenzi iliyorudishwa.

Mpelelezi mwenyewe walimwita Kupe. Jina hilo alilipata alipokuwa polisi, kwa sababu akishika haachii, na ukiona ameachia ujue ameshiba. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na viti vya ofisi za umma vilimjua kwa uzito kabla ya kumjua kwa cheo.

Fundi viatu alimfuata ofisini siku iliyotangulia. Alikuja amevaa koti lililomzidi, na viatu vinavyong'aa kuliko kitu kingine chochote mle ndani, kipara cha mkurugenzi kikiwemo. Alikataa chai. Alikataa kiti. Aliweka karatasi mezani.

"Sitaki kumshitaki mtu, mama," alisema. "Nina swali moja tu."

"Uliza, mzee wangu."

"Siku ile walinionyesha picha ya ubongo wa mke wangu. Nyeusi tii. Wakasema damu haifiki popote, hakuna cha kuokoa, kumpeleka hospitali kubwa akazibuliwe mshipa ni kumtesa bure. Nikatia sahihi asipelekwe." Aligusa karatasi kwa kidole chenye gundi iliyokauka. "Nataka kujua. Nilipotia sahihi, alikuwa ameshakufa, au bado?"

"Wiki sita zimepita. Kwa nini unauliza leo?"

"Kwa sababu alinibana kidole."

Kupe aliacha kuandika.

"Nesi akasema ni mishipa tu inajishtukia yenyewe. Mimi nikakubali. Binti yetu hakukubali. Tangu tuzike hajaniita baba. Akipiga simu anasema, 'Haloo, ni mimi, umekula?' Basi. Kama mtu anayeuliza bei ya soli."

"Alikubana kwa mkono upi?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulipooza asubuhi ileile akiwa kwenye cherehani, ndiyo maana tukamkimbiza."

Kupe aliandika neno moja, *kushoto*, akalipigia mstari.

*

Chumba cha kompyuta cha hospitali kilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo majengo mengine huweka mafagio. Hata hapa mafagio yalikuwepo, mawili, yameegemea kompyuta yenye thamani kuliko jengo. Kijana aliyekuwa ameketi mbele yake aliitwa Zima-Washa, maana hiyo ndiyo dawa aliyoitoa kwa kila ugonjwa.

"Najua kilichokuleta," alisema kabla ya salamu. "Umeambiwa niliweka toleo jipya la programu siku nne kabla yule mama hajaletwa. Umeambiwa nimeua mtu kwa kubofya 'endelea'."

"Shikamoo hailipiwi, kijana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa nieleze kama unavyomweleza shangazi yako asiyejua kompyuta."

"Shangazi yangu ana simu mbili na makundi kumi na tisa. Lakini sawa." Alivuta kiti. "Ile mashine ya sumaku kule juu ikipima damu ya ubongo, inapiga picha kwa jozi. Ya kwanza inapigwa hivihivi. Kabla ya ya pili, damu inayopita shingoni inatiwa alama kwa sumaku, inapanda, ikifika ubongoni inaifanya picha ififie kidogo. Programu inachukua ile angavu, inatoa ile iliyofifia. Kinachobaki ndiyo damu iliyofika. Palipobaki kingi inapaka njano na nyekundu. Pasipobaki kitu, nyeusi."

"Na hesabu ikienda chini ya sifuri?"

"Haiwezi, mama. Damu itakuwaje chini ya hakuna? Ikitokea, programu inapaka nyeusi hivyohivyo, inaendelea na safari."

"Jozi ngapi?"

"Thelathini. Picha sitini, kila mgonjwa."

Kupe alimwomba kumbukumbu za siku ile, yale maandishi ambayo programu hujiandikia yenyewe kila inapofanya kazi. Zima-Washa aliyafungua bila ubishi. Ilionekana ameyafungua mara nyingi.

*Saa 4:41. Picha 59. Picha moja haina mwenzake. Kazi imesimama.*

*Saa 4:46. Picha 58. Kazi imekamilika.*

"Hapo ndipo wote wanaponisimanga," alisema kijana. "Wanaona lile kosa jekundu, wanasema toleo jipya bovu. Kantini nikikaa, meza inahama."

"Una toleo la zamani?"

"Ninalo. Sitoi kitu bila kuweka nakala. Niliachwa na mchumba kwa tabia hiyo."

Alirudisha toleo la zamani, akalilisha zile picha hamsini na nane. Walisubiri dakika sita, feni ya kompyuta ikikohoa. Ramani ikatokea. Nyeusi. Akarudia kwa toleo jipya. Nyeusi ileile, mpaka kwenye madoa yake.

"Toleo jipya halijaua mtu," alisema Kupe.

Zima-Washa alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kupe alisoma maandishi kwenye fagio mpaka kijana alipomaliza.

"Umesema mashine inapiga sitini. Hapa zilifika hamsini na tisa."

"Labda moja ilipotea kwenye mtandao."

"Halafu baada ya dakika tano mtandao huohuo ukapoteza nyingine, na ya pili ikanyamazisha kosa? Mtandao huo una akili kutushinda mimi na wewe. Nani alikuwa anazituma picha hizo saa nne na nusu?"

"Siwezi kujua. Chumba cha mashine wote wanaingia kwa neno la siri moja."

"Lile lililoandikwa kwenye karatasi ya njano juu ya kichwa chako?"

Zima-Washa aligeuka, akaibandua, akaitia mfukoni.

*

Daktari wa picha alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu za mtu aliyeshauriwa na wakili. Benchi nje ya mlango wake lilikuwa na wagonjwa wamebanana kama viberiti, na Kupe alilazimika kuruka magoti mawili na mkongojo mmoja kuingia.

"Nilisoma kilichokuwa mbele yangu," alisema daktari. "Ramani nyeusi, mgonjwa hajibu chochote."

"Alikuwa amepewa dawa ya usingizi."

"Saa tatu na nusu, ndiyo. Alikuwa anahangaika, na mashine haitaki mtu anayetikisika."

"Dawa hiyo inamshika mtu kwa saa ngapi?"

"Mbili. Tatu zikizidi."

"Karatasi ilisainiwa saa tisa alasiri. Kati ya saa saba na saa tisa, nani alimpima tena kuona kama anajibu?"

Daktari alipanga kalamu zake. Zilikuwa zimepangika tayari.

"Baada ya ramani ile," alisema, "hakuna aliyeona haja."

Kupe aliomba kuiona. Daktari aliiweka kwenye kioo kikubwa, ubongo mzima mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Kupe aliegemea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Haya madoa ya kijivu ni nini?"

"Chengachenga. Vumbi la picha, halina maana."

"Kwangu vumbi linakaa kila chumba, halichagui. Hili limejaa mahali pamoja. Hapa ni upande gani?"

"Kushoto kwa mgonjwa."

"Sehemu hii inafanya kazi gani?"

"Inaendesha mkono wa kulia. Na kusema."

Alipotamka hivyo, aligeuka kuitazama ramani upya. Kupe hakumsaidia. Nje mtu alikohoa, mwingine akamwambia akohoe kwa zamu.

"Mkono uliopooza ni wa kulia," alisema Kupe. "Kwa hiyo pale penye ugonjwa ndipo penye vumbi, na kwingine kote, ambako palikuwa pazima, ndiko kweusi. Daktari, mtu akikwambia nyumba nzima imezimika taa isipokuwa chumba kile kimoja ambacho balbu imeungua, utasema nini?"

"Nitasema ameielewa nyumba kinyume." Daktari alivua miwani. "Damu haikufika pale, kwa hiyo hesabu yake ni sifuri, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Ndiyo chengachenga. Kwingine kote ni chini ya sifuri. Chini sana." Alisogeza kiti karibu. "Jozi zimegeuzwa."

"Ungeipata ramani iliyo sawa ungefanya nini?"

"Lingekuwa doa dogo tu. Ningempandisha gari la wagonjwa saa ileile." Aliifuta miwani isiyo na uchafu. "Nilishangaa siku ile, mama. Naomba uandike hivyo. Nilishangaa. Ila benchi lilikuwa kama unavyoliona."

Kupe aliandika hivyo, neno kwa neno.

*

Mzee wa chumba cha mashine walimwita Taratibu, na Kupe alielewa kwa nini kabla hajafika mlangoni. Sauti yake ilikuwa inatoka nje: "Taratibu, bibi, taratibu, hakuna anayetukimbiza." Alikuwa amepiga magoti, anamfunga bibi mmoja kamba za viatu. Miaka thelathini na moja kwenye kazi hiyo, na miezi minne imebaki astaafu.

Pembeni ya mlango viatu vya wagonjwa wengine vilipangwa kwa mstari, maana mle ndani haviingii. Wenyewe walikaa kwenye benchi peku, wakiangaliana vidole.

"Dada, karibu," alisema Taratibu. "Wewe ndiye wa Baraza. Nilijua utakuja. Yule kijana wa kompyuta asiadhibiwe sana. Bado mdogo."

"Hataadhibiwa. Ulimpiga picha wewe, yule fundi cherehani?"

"Mimi mwenyewe. Figo zake zilikuwa mbovu, kwa hiyo ile dawa ya rangi tunayochoma siku zote asingeiweza. Tukatumia njia hii mpya ya sumaku. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alipigwa na mtaalamu aliyeletwa kutufundisha. Alikaa siku moja, akasifu chai, akaondoka."

Juu ya kibodi, ukutani, palikuwa na karatasi iliyokwishageuka rangi ya ngozi. Mtu alipaka ukuta kuizunguka badala ya kuibandua. Iliandikwa kwa herufi kubwa: YA KWANZA TUPA.

"Ile ni ya nani?"

"Ya mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Mashine ikigonga mara ya kwanza, dada, hata askari anaruka. Picha ya kwanza siku zote imetikisika. Halafu kwenye ile njia ya rangi, za mwanzo hazina faida, rangi haijafika. Kwa hiyo ya kwanza haihesabiwi. Nimewafundisha vijana kumi na mmoja hivyo."

"Na ya yule mama uliitupa?"

"Niliitupa. Alishtuka kidogo, maskini, ingawa alikuwa kwenye usingizi. Nikatuma zilizobaki."

"Programu ikasemaje?"

"Ikagoma. Picha moja haina mwenzake. Mimi sijui mambo ya programu, lakini kwa vipimo vingine wenzangu walinionyesha: ikisema hivyo, futa ya mwisho. Ya mwisho nayo huwa haina faida, mgonjwa ameshachoka. Nikafuta. Ikakubali."

Alisema bila kuficha, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kupe aliweka daftari chini. Akatoka mpaka kwenye ule mstari wa viatu, akachutama, magoti yakamlilia.

"Njoo uone, kaka."

Taratibu akaja, akachutama pia.

"Hivi viatu vimepangwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kila viwili vya mtu mmoja." Kupe akakitoa cha kwanza, akakiweka pembeni.

"Hee, mama, hicho changu!" alisema mwanamume mmoja kwenye benchi.

"Utakipata, ndugu, sina mguu wa saizi hiyo." Akamgeukia Taratibu. "Nimetupa cha kwanza. Sasa hesabu viwili viwili kuanzia hapa."

Taratibu alihesabu kwa kidole. Alifika mwisho, kidole kikabaki hewani juu ya ndala moja ya kike.

"Kimoja hakina mwenzake," alisema.

"Programu ikagoma. Ukafanyaje?"

"Nikatoa cha mwisho." Akakitoa mwenyewe, taratibu.

"Sasa hakuna kinachobaki peke yake. Programu imenyamaza, imefurahi. Lakini tazama miguu."

Akatazama. Kiatu cha kulia cha mwanamume kilikuwa kimeunganishwa na cha kushoto cha mtoto. Cha kulia cha mtoto na ndala ya kushoto ya mwanamke. Mstari mzima, kila jozi ilianza na mguu usio wake.

"Iliyotakiwa kuwa ya pili imekuwa ya kwanza," alisema Kupe. "Zote. Programu ikatoa angavu kwenye iliyofifia badala ya kinyume chake. Ubongo mzima ukaenda chini ya sifuri. Ikaupaka nyeusi."

Benchi zima lilikuwa limeacha kuangaliana vidole. Hawakujua kinachosemwa, lakini walimwona mzee usoni.

Taratibu aliviweka viatu mahali pake kimoja kimoja, akahakikisha kila kimoja kimekaa na mwenzake. Kisha akainuka, akaenda kwenye droo yake, akarudi na kipande cha shashi kilichokunjwa. Ndani yake palikuwa na sindano ya kushonea, bado ina uzi wa bluu.

"Alikuwa ameichomeka kwenye kola," alisema. "Sumaku ingeivuta. Nikaitoa mwenyewe, nikamwambia, bibie, ukitoka utaikuta. Nimeitunza. Nilidhani mtu wake atakuja kuiulizia."

"Mashine bado ina zile sitini za awali?"

"Inatunza siku sitini kabla haijafuta."

Aliketi kwenye kibodi. Hakukosea hata kitufe kimoja. Alizitoa zote sitini, ikiwemo ile ya kwanza iliyotikisika, akazituma chini kwa Zima-Washa. Kisha akaibandua ile karatasi ukutani. Ilitoka na kipande cha chokaa, ikaacha mraba mweupe wa rangi ya zamani.

"Andika jina langu lote, dada," alisema. "La baba na la babu pia. Wasije wakamfikiria mwingine."

Simu ya mezani ililia. Ilikuwa Zima-Washa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na la kuongeza.

"Imetoka, mama. Njoo uone. Imejaa rangi."

*

Karakana ya fundi viatu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja na harufu ya ngozi na gundi. Kwenye kona palikuwa na cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake. Binti yake, mwalimu wa hesabu, alisimama mlangoni na vumbi la chaki mkononi. Kupe ndiye aliyemwita. Alimwambia kwa simu, "Sitaeleza mara mbili," na binti akaomba ruhusa shuleni.

"Kaa, mwalimu."

"Nitasimama. Asante."

Kupe aliwaeleza. Alitumia viatu vya fundi mwenyewe, vilivyokuwa vinasubiri wenyewe kwenye rafu. Hakufika hata kwenye jozi ya tatu.

"Mmetoa kikubwa kwenye kidogo," alisema binti.

"Ndiyo."

"Nina watoto wa miaka tisa darasani. Wakifanya hivyo nawaambia warudie." Aliitazama ile rafu. "Wanarudia tu. Inachukua dakika moja."

Kupe alitoa bahasha, akaweka ramani mbili mezani, kati ya nyundo na kopo la misumari. Moja nyeusi. Nyingine njano na nyekundu pande zote mbili, kama mji wenye taa. Upande wa kushoto tu palikuwa na doa jeusi, dogo kama ukucha wa kidole gumba.

Fundi viatu aliitazama ile ya rangi muda mrefu. Alijifuta kidole kwenye aproni kabla ya kuigusa.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye, mzee wangu. Siku ileile, saa ileile."

"Kwa hiyo nilipotia sahihi, alikuwa bado."

"Alikuwa bado."

Hakupiga kelele. Alichukua kiatu kilichokuwa magotini kwake, akakiweka chini, akakisogeza mpaka kikakaa sawasawa na mwenzake.

"Angepona?"

"Daktari anasema angempeleka akazibuliwe mshipa mara moja. Wengine hupona, wengine hawaponi. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye, na mimi sikwambii nisichokijua. Lakini hili nalijua, na nitaliandika: ulitia sahihi kwa picha ya uongo. Yeyote angetia. Mimi ningetia."

Binti alikuwa ameingia ndani. Hakuna aliyemwona akitoka mlangoni. Alikuwa ameinamia ramani.

"Hii sehemu hapa, karibu na sikio," alisema. "Inafanya nini?"

Kupe alikuwa amelitegemea swali hilo tangu asubuhi, na alikuwa ameomba lisije.

"Kusikia."

"Ina rangi."

"Ina rangi. Pande zote."

"Na dawa ya usingizi ilikuwa imeisha."

"Kwa saa, ndiyo. Ingekuwa imeisha."

Fundi viatu alikuwa anawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

"Nilimwambia," alisema. "Nilirudi kitandani na kalamu yao bado iko mkononi. Nikamshika, nikamwambia, mke wangu, nimetia sahihi, wamesema upumzike. Ndipo akanibana." Sauti ilimshuka. "Alikuwa anasikia, hawezi kusema. Alikuwa ananikataza, mama. Alikuwa ananiambia usifanye, na mimi nikampa nesi kalamu yake."

Kupe aliwahi kuwahoji wauaji watatu na mganga mmoja wa uongo, na hakuna aliyemkosesha neno. Alitazama daftari. Halikuwa na kitu cha kumsaidia.

"Alibana mara ngapi?" aliuliza binti.

"Nini?"

"Kidole. Alibana mara ngapi?"

"Mara mbili. Halafu akaachia."

Binti alivuta kigoda kingine, kile cha wateja, akaketi mbele yake magoti yakigusana. Akamnyooshea mkono wa kushoto, wenye chaki.

"Nionyeshe."

Fundi viatu alikishika kidole cha bintiye kama anavyoshika mtu kitu cha kuazima. Akabana. Akabana tena. Akaachia.

Binti aliutazama mkono wake uliokuwa umebaki hewani.

"Mlangoni mwa shule," alisema. "Darasa la kwanza. Nilikuwa nalia kila siku, sitaki kuingia. Alikuwa ananibana hivyohivyo, mara mbili. Halafu ananiachia, niende." Akaushusha mkono juu ya goti la baba yake. "Hakuwa anakukataza, baba."

Kidole kubanwa si ushahidi. Hakuna baraza ambalo lingekipokea, na Kupe alijua hivyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alilifunga daftari bila kuandika. Akatoa mkobani kile kipande cha shashi, akakiweka juu ya cherehani iliyofunikwa, mahali watakapokiona wakiinua vichwa, akatoka.

Nje, kwenye kizingiti, palikuwa na viatu vya binti, alivyovivua wakati wa kuingia bila mtu kumwona. Kimoja kilikuwa kimeangukia pembeni. Kupe aliinama, magoti yakamlilia, akakirudisha kando ya mwenzake.